Simu Inasema, Lakini Kidole Ndicho Kinachosoma

Mtu asiyeona anayetaka kutuma pesa kwa simu akiwa Soko Kuu la Songea ana njia mbili. Ya kwanza ni kitochi. Kidole gumba kinatafuta nundu ndogo iliyoinuka kwenye namba 5, na kikishaipata, namba nyingine zote zinajulikana zilipo. Shida ni kwamba simu hiyo haisemi. Menyu inabidi ikaririwe, na siku kampuni ikiipanga upya, aliyekariri anakwama, au anamkabidhi jirani simu pamoja na namba ya siri. Njia ya pili ni simu janja. Kioo chake ni bapa, hakina cha kupapasa, ila programu ya kusoma skrini inatamka kila kinachoguswa. Hapo mtu anajitegemea, lakini salio lake na jina la anayemtumia vinasikika hadi kwa muuza dagaa wa meza ya pili. Akivaa hedifoni ili kuficha siri zake, anaziba masikio yale yale yanayomwambia bajaji inatokea upande gani.

Sisi tunaoona hatulifikirii sana jambo hilo, kwa kuwa tumeshaamua kwamba simu inayosema imemaliza kazi. Tangu mwaka 2009, Apple ilipoweka VoiceOver kwenye iPhone 3GS na Google ikaleta TalkBack kwenye simu za Android, asiyeona ameweza kutuma ujumbe, kusoma habari na kutafuta namba ya ndugu yake bila kuomba msaada. Siku hizi sauti ya Kiswahili nayo ipo. Ni hatua kubwa, na anayeibeza hajui watu walikotoka. Lakini nyuma yake imeingia dhana kwamba nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa kidole, ni mambo ya wazee, kwamba mtoto asiyeona apewe simu na mambo yaishe. Sikubaliani na dhana hiyo. Sauti imefungua mlango mmoja, haja ya mguso ikabaki palepale. Na kwa mtoto asiyeona wa Ruvuma, fedha kidogo zinazopatikana zianzie kwenye kifaa kinachomwekea herufi chini ya kidole, ndipo vifuate vile vinavyotetemeka na kulia.

Tuanze na kidole chenyewe. Ngozi ya ncha ya kidole ina vipokezi vya aina kadhaa. Baadhi hushughulika na umbo: ukingo, kona, kitone kilichoinuka. Vingine, vilivyozama ndani zaidi, umbo halivihusu. Huamshwa na mtetemo, hasa wa mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Kimota kidogo kilicho ndani ya simu, kile kinachoifanya itambae mezani ikipigwa, kinasema na vipokezi hivi vya pili. Ndiyo maana mtetemo hufaa sana kwa tahadhari: umebonyeza, ujumbe umetoka, umefika mwisho wa ukurasa, kata kulia. Sentensi nzima haibebi, labda mtu awe tayari kujifunza alama za simu ya upepo za enzi za meli. Nukta nundu zinasema na vipokezi vya kwanza. Kabla ya Louis Braille, ofisa wa jeshi la Ufaransa, Charles Barbier, alikuwa na mfumo wa nukta 12, sita kwa urefu, na kidole hakikuweza kuikamata alama nzima bila kupanda na kushuka. Braille, ambaye alichapisha mfumo wake mwaka 1829, alizipunguza zikawa sita, zikiachana milimita 2.5 hivi, kimo chake nusu milimita. Herufi nzima ikaingia chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Nukta hizo sita zinatoa michanganyiko 63, inayotosha herufi, tarakimu, alama za uandishi, hisabati na hata muziki.

Kwa hiyo tunapozungumzia teknolojia ya mguso tunazungumzia koo mbili, ya kutahadharisha na ya kusomesha, na kuzichanganya ndiko kunakoleta manunuzi ya ajabu. Wapo waliojaribu kuziunganisha. Mwaka 1969 Paul Bach-y-Rita na wenzake walieleza katika jarida la Nature kiti cha daktari wa meno walichokifunga vitetemeshi 400 mgongoni; kamera ilitazama kitu, na asiyeona aliyekaa kitini akajifunza kukitambua kwa ngozi ya mgongo wake. Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Profesa John Linvill alikuwa anamtengenezea binti yake asiyeona kifaa kilichokuja kuitwa Optacon. Mkono mmoja ulisogeza kamera ndogo juu ya kitabu cha kawaida, na kidole cha mkono wa pili kilikaa juu ya sindano 144 zilizotetemeka kwa umbo la kila herufi. Kiliingia sokoni miaka ya 1970 na watu wakasomea kazini. Lakini kusoma kwake kulikuwa kwa pole, mafunzo yake marefu, bei yake kubwa, na mwaka 1996 utengenezaji ukasimama. Waliokuwa wamekizoea wakabaki wakitafuta vipuri kwenye mashine kuukuu za wenzao. Mtu wa Songea, aliye karibu kilometa 950 za barabara kutoka Dar es Salaam, ana sababu ya kuikumbuka hadithi hiyo kila anapoonyeshwa kifaa kipya.

Sasa nirudi kwa mtoto na simu yake. Pingamizi la kwanza lina uzito, na ni la Kiswahili hasa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anayesikia vizuri ataandika vizuri. Nukta nundu za nini? Jibu la kwanza ni kwamba sikio halisikii kila kilichoandikwa. Halisikii herufi kubwa inapoanzia, wala mkato, wala mahali neno linapoishia na jingine kuanza. Sote tumesoma jumbe za watu wanaoona, waliopita shuleni, wakiunganisha viunganishi na majina na kudondosha h. Aliyejifunza lugha kwa sikio tu hana hata mahali pa kurudi kuhakiki. Jibu la pili ni kidato cha kwanza. Hapo masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo herufi na matamshi viliachana zamani, na mwanafunzi aliyeyajua maneno yake kwa kuyasikia tu anaingia kwenye mtihani akiwa na sauti kichwani badala ya tahajia. Jibu la tatu ni hisabati. Sehemu yenye asili ndefu, jedwali la safu nne, pembetatu yenye pembe zilizoandikwa, vyote hivyo vikisomwa kwa sauti vinakuwa maneno marefu yanayopotea kabla hayajafika mwisho. Kidole kinarudi nyuma, kinalinganisha mstari wa juu na wa chini, kinasimama panapotatiza. Kwa kukosa vitabu na michoro ya kupapasa, wanafunzi wasioona mara nyingi huelekezwa masomo ya sanaa hata pale akili yao ilipopenda namba.

Kwamba kidole kinasoma, Serikali yenyewe inalijua. Baraza la Mitihani huandaa mitihani ya nukta nundu kwa watahiniwa wasioona, na huwaongezea dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Huo ni ushahidi wa kiofisi kwamba mguso ni kusoma, na kwamba kusoma huko kunahitaji muda wake. Sayansi nayo inaunga mkono: mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake walionyesha kwamba mtu asiyeona anaposoma nukta nundu, sehemu ya ubongo ambayo kwa wengine hushughulikia kuona huamka na kufanya kazi. Mwaka huohuo, nchini Marekani, Ruby Ryles alilinganisha watu wazima wenye ulemavu wa kuona waliofundishwa nukta nundu tangu utotoni na waliofundishwa kusoma maandishi ya kawaida kwa taabu. Kati ya wale wa kwanza asilimia 44 hawakuwa na kazi. Kati ya wale wa pili, asilimia 77. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba waliopata nukta nundu pengine walikuwa na wazazi wenye uwezo na walimu bora, na kwamba Marekani si Ruvuma. Nakubali kwamba tarakimu hizo peke yake hazithibitishi chanzo. Lakini hata ukizipunguza nusu, bado hazimsaidii anayetaka kuzika nukta nundu.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza: wengi wa wasioona hawakuzaliwa hivyo wala hawakupoteza kuona utotoni. Ruvuma ni mojawapo ya maeneo ya Tanzania yaliyosumbuliwa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito yenye maji ya kasi, na ambao dawa ya ivermectin imekuwa ikigawiwa vijijini kuudhibiti. Kuna mtoto wa jicho, kuna presha ya macho. Mkulima wa mahindi anayepoteza kuona akiwa na miaka 60 ana vidole vilivyokomazwa na mpini wa jembe, na nukta ya nusu milimita inampita bila kuihisi. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kupoteza hisia za vidole pamoja na macho. Kumwambia mtu wa namna hiyo aanze kujifunza nukta nundu ni kumwonea. Kwake simu inayosema ndiyo kifaa cha kwanza, na mtetemo wake ni msaada wa ziada. Hilo, hata hivyo, ni hoja kuhusu babu. Halimhusu mjukuu wake asiyeona aliye darasa la pili, na kosa letu ni kumpa mjukuu dawa ya babu kwa sababu ni rahisi kuinunua.

Fimbo nyeupe nayo ina mjadala wake. Wahandisi wa Taasisi ya Teknolojia ya India iliyoko Delhi walizindua mwaka 2014 kifaa kinachofungwa kwenye mpini wa fimbo. Hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika, na yakigonga kitu kilicho mbele, ndani ya mita tatu hivi, mpini hutetemeka. Uturuki wametoa WeWALK, fimbo ya aina hiyo inayoungana na simu. Faida yake ni ya kweli: fimbo ya kawaida hupapasa ardhi, haioni tawi la mwembe, kamba ya turubai la mama lishe, wala ubao wa nyuma wa lori lililoegeshwa. Lakini hatari kubwa ya barabara za miji yetu iko chini. Mtaro wa maji ya mvua ulio wazi, mfuniko wa kalvati uliovunjika, shimo lililochimbwa juzi na kuachwa bila uzio, hayo mawimbi yanayotazama mbele hayayakamati. Ncha ya fimbo ndiyo inayoyakamata. Mtu akiuziwa fimbo ya umeme kwa imani kwamba sasa anaweza kuacha kupapasa, kifaa hicho kimemwongezea hatari. Ningependa zaidi kuona kila asiyeona wa Bombambili na Mfaranyaki ana fimbo nyeupe ya kimo chake na mtu wa kumfundisha kuitumia, na manispaa imefunika mitaro. Halafu tuzungumze habari za vitetemeshi.

Katika ukoo wa vifaa vya kusomea, jambo la maana zaidi kwa Afrika Mashariki limetokea Nairobi. Kwa miaka mingi kifaa cha kielektroniki cha nukta nundu, kile ambacho sindano zake huinuka na kushuka kuunda mstari mmoja baada ya mwingine, kiliuzwa kwa maelfu ya dola, kwa sababu kila sindano iliendeshwa na kipande chake cha kauri kinachojikunja kikipitishiwa umeme. Muungano wa mashirika ya wasioona ukasukuma kitafutwe cha bei nafuu, na kikapatikana Orbit Reader 20, chenye herufi 20 kwa mstari, kilichoanza kuuzwa kwa chini ya dola 500. Taasisi ya Kilimanjaro Blind Trust Africa, yenye makao Nairobi, ambayo awali ilijishughulisha na kutengeneza mashine za kuandikia nukta nundu aina ya Perkins zilizoharibika mashuleni, ikaanza kuwagawia wanafunzi wa Kenya vifaa hivyo. Mwanafunzi anakiweka mapajani, anachomeka kadi ndogo ya kumbukumbu, na kitabu ambacho kwenye karatasi kingekuwa majuzuu kadhaa mazito kinapita chini ya vidole vyake, mstari kwa mstari. Anaandika kwa funguo zilezile sita alizozizoea kwenye Perkins. Anaweza kukiunganisha na simu bila waya, na hapo lile salio la sokoni linasomwa kimya kimya na kidole, masikio yakiwa huru kusikiliza barabara.

Bei inabaki kuwa kikwazo. Hata hizo dola 500 za mwanzoni ni zaidi ya shilingi milioni moja, na hakuna mzazi wa kawaida wa Namtumbo atakayeitoa mfukoni. Lakini ulinganisho wa haki si kati ya kifaa hicho na simu. Ni kati yake na vitabu vya karatasi nzito vinavyosafirishwa kutoka Dar es Salaam, ambavyo nukta zake hulala kadiri vidole vinavyopita, na mashine ya Perkins, ambayo mpya hugharimu mamia ya dola na ina uzito wa karibu kilo tano. Umeme nao ulikuwa kisingizio kikubwa zamani, Songea ilipotegemea majenereta; Gridi ya Taifa imefika mjini tangu 2018 kwa njia ya kutoka Makambako, na kifaa cha aina hii kikijazwa chaji hakihitaji umeme kila saa. Hakimiliki pia si ukuta tena. Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya kusomeka kwa wasioona bila kumwomba mwenye haki ruhusa kila mara. Kinachokosekana ni mtu wa kuvigeuza vitabu hivyo kuwa mafaili na kuyafikisha shuleni kabla muhula haujaisha.

Nisieleweke kwamba kila kifaa cha mguso lazima kiwe na betri. Mfano mzuri kuliko yote nchini ni wa plastiki. Katika chaguzi za 2015 na 2020, Tume ya Uchaguzi ilitumia majalada maalumu ya kupigia kura kwa wasioona: karatasi ya kura inaingizwa ndani, na mpigakura anayejua nukta nundu anapapasa alama zinazomwonyesha nafasi ya kila mgombea, anatia alama mwenyewe, anatoka. Bila jalada hilo ingebidi aje na mtu wa kumsaidia na kumwamini kwamba ameweka alama alipoambiwa. Kenya nayo, katika noti zake mpya za 2019, iliweka kandokando mistari ya kupapasa inayotofautiana kwa thamani. Hakuna programu ya kusasisha, hakuna chaji. Angalia, hata hivyo, kwamba jalada la kura linamfaa kikamilifu yule aliyefundishwa kusoma kwa kidole tangu shuleni. Asiyejua nukta nundu anarudi kwenye kumtegemea msaidizi.

Swali la fedha haliwezi kukwepwa, na Songea ina nafasi ya pekee kulijibu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, na ilipotangazwa kurejea mwaka uliofuata, Manispaa ya Songea ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu utaratibu wa kupitia benki. Wapo wanaosema vifaa vya wasioona vinunuliwe humo. Naona ni makosa. Ule ni mkopo wa biashara, unatakiwa urudi. Ufugaji wa kuku unarudisha mkopo, mtoto wa darasa la tatu anayesoma haurudishi. Vifaa vya kusomea vikae kwenye bajeti ya elimu kama madawati yanavyokaa, na asilimia mbili iachiwe watu wazima wasioona wanaotaka mtaji.

Na katika bajeti hiyo ya elimu kuna kifungu ambacho kwa maoni yangu kinatangulia ununuzi wenyewe, nacho ni fundi. Perkins ikitunzwa hudumu miongo, lakini ufunguo mmoja ukikwama herufi zote zinazohitaji nukta hiyo zinatoweka, na mashine nzima inaishia kabatini. Sindano za Orbit Reader huziba vumbi, na vumbi jekundu la Songea wakati wa kiangazi halihitaji maelezo. Mafundi simu wa mjini hubadilisha tundu la chaji kwa dakika chache, ila mashine hizi hawajawahi kufunzwa kuzifungua. VETA ipo Songea, na Peramiho kuna karakana zenye sifa ya miaka mingi. Kumpata kijana mwenye mkono mwepesi, akapelekwa kujifunza kwa wanaozitengeneza Kenya, si jambo la kuundiwa kamati. Mtu huyo mmoja angeweza kuzunguka Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru akiwa na bisibisi zake, mafuta ya mashine na mfuko wa vipuri. Tunduru peke yake iko zaidi ya kilometa 200 kutoka Songea. Nauli yake na posho yake ya kulala ndizo ziandikwe kwanza, kabla ya idadi ya vifaa vitakavyonunuliwa.